UZI: Kushinda urais Marekani ni jambo moja, kuendesha nchi ni jingine. Niliyoyaona nikiwa Georgia tangu 2020

#1 Mleta mada

Habari zenu wanajamvi.

Kila uchaguzi wa Marekani ukipita, mjomba wangu wa Muheza hunipigia simu na swali lile lile: "Rais mmeshampata, sasa mnagombania nini tena?" Mwaka 2020 nilimjibu haraka haraka nikakata, nilikuwa ndiyo natoka zamu ya usiku. Swali lake halikuniacha. Humu jamvini naona wengi wanauliza hivyo hivyo, halafu uzi unaishia kwenye ushabiki. Leo nimekaa chini ili nilijibu vizuri, nikianzia hapa ninapoishi.

Nipo Georgia, nje kidogo ya Atlanta. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Uraia nilipata 2019, kwa hiyo kura yangu ya kwanza ya urais ilikuwa hiyo ya 2020.

Jimbo hili lilipiga kura karibu milioni 5. Biden alimzidi Trump kwa kura 11,779. Arizona tofauti ilikuwa 10,457, Wisconsin 20,682. Jumlisha majimbo yote matatu, hata 43,000 hazifiki. Nchi nzima Biden aliongoza kwa zaidi ya kura milioni 7, ila rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya kura za wananchi. Kuna kura za wajumbe 538 zilizogawanywa kwa majimbo, karibu kila jimbo humpa mshindi wake kura zake zote, na anayefikisha 270 ndiye rais. Biden alipata 306, Trump 232. Majimbo hayo matatu yangeenda upande wa pili, wangetoka sare, 269 kwa 269.

Naomba tukae hapo kidogo, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Upande mmoja ukitazama unaona milioni 7 na unasema wananchi wameamua. Upande wa pili unaona 43,000 na unasema kidogo tu tungeshinda, lazima kuna mtu ametufanyia kitu. Namba zote mbili ni za kweli, na zimetoka kwenye uchaguzi mmoja.

Georgia kura zilihesabiwa mara tatu. Kwanza kwa mashine. Halafu kwa mkono, karatasi moja moja, karibu milioni 5. Halafu kwa mashine tena kwa sababu upande wa Trump uliomba. Mara zote mshindi alikuwa yule yule. Aliyesimamia ni Brad Raffensperger, Katibu wa Jimbo, mtu wa Republican, chama cha Trump, ambaye mwenyewe alimuunga mkono. Gavana Brian Kemp, aliyetia saini matokeo, naye ni Republican. Januari 2, 2021 Trump alimpigia simu Raffensperger na kumwambia anataka zipatikane kura 11,780. Ile tofauti, jumlisha moja. Simu ilirekodiwa, dunia nzima ikaisikia. Raffensperger akakataa.

Lakini walioniuma zaidi ni watu ambao huenda hamjawahi kusikia majina yao: Ruby Freeman na binti yake Shaye Moss, makarani wa kura kaunti ya Fulton. Video ya kamera za ulinzi ilikatwa vipande, wakaambiwa wametoa masanduku ya kura za wizi chini ya meza. Rudy Giuliani, wakili wa Trump, aliwaambia wabunge wa jimbo kwamba mama na binti walikuwa wanapitishiana vifaa vya kompyuta kama watu wanaopeana dawa za kulevya. Moss alipohojiwa na kamati ya Bunge Juni 2022, aliulizwa mama yake alimpa nini siku ile. Akasema pipi ya tangawizi.

Pipi ya tangawizi. Kwa hilo wakatumiwa vitisho vya kuuawa, bibi yake Moss akavamiwa nyumbani, na Freeman akashauriwa na FBI ahame nyumba yake kwa muda. Uchunguzi wa jimbo haukukuta kosa lolote. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama Washington liliamua Giuliani awalipe dola milioni 148. Ila hata hukumu ya namna hiyo haimrudishii mtu usingizi wa miaka mitatu.

Nitaendelea, ila kama kuna maswali wekeni.

#2 Mchangiaji, Nakuru

Asante ndugu kwa uzi. Mimi niko na swali. Hapa Kenya mwaka wa 2017 Mahakama ya Upeo ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, tukarudi kwa debe. Kwa nini huko korti hazikufanya hivyo, kama malalamishi yalikuwa mengi hivyo? Na tume yao ya uchaguzi ilikuwa wapi katika haya yote?

#3 Mleta mada

Ndugu wa Nakuru, swali zuri sana. Jibu la tume ndilo linalowashangaza wengi: Marekani haina tume ya taifa inayoendesha uchaguzi na kutangaza rais. Kila jimbo lina sheria zake, na ndani ya jimbo kila kaunti ina ofisi yake. Georgia peke yake ina kaunti 159. Hakuna mwenyekiti mmoja wa kusimama mbele ya kamera na kusoma matokeo ya nchi nzima. Usiku ule mnaosikia "fulani ameshinda", wanaosema ni vyombo vya habari kwa hesabu zao. Kisheria mambo hayaishi mpaka majimbo yathibitishe, wajumbe wapige kura zao Desemba, na Bunge lizihesabu Januari 6.

Hapo katikati kuna zaidi ya miezi miwili. Wazo la wizi linakua vizuri sana katika miezi miwili.

Kwenye korti, zilifunguliwa kesi zaidi ya 60 na karibu zote zilishindwa. Kenya mahakama iliona kasoro katika namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa, na majaji wakaeleza kwenye hukumu yao. Huku majaji waliomba ushahidi, hawakuuona. Jaji Stephanos Bibas, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, aliandika kwenye kesi ya Pennsylvania kwamba madai yanahitaji mambo mahususi na kisha uthibitisho, na mbele yake hapakuwa na kimojawapo. Desemba 11 Mahakama ya Juu, yenye majaji watatu walioteuliwa na Trump, ikakataa kuisikiliza kesi ya jimbo la Texas ya kupinga matokeo ya majimbo mengine.

Historia inasaidia hapa. Mwaka 1876 majimbo matatu ya kusini, Florida, Louisiana na South Carolina, yalileta matokeo yanayopingana. Samuel Tilden alikuwa ameongoza kwa kura za wananchi. Bunge likaunda tume ya watu 15, ikagawanyika 8 kwa 7, na Rutherford Hayes akatangazwa kwa kura za wajumbe 185 kwa 184. Amani ilipatikana, ila kuna waliolipia. Hayes aliwaondoa askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za majimbo kule kusini, na watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka kumi na kidogo tu nyuma wakaachwa mikononi mwa mabwana wale wale. Haki yao ya kupiga kura ikapotea kwa karibu karne nzima. Hilo hulisikii sana watu wanaposema eti mwafaka uliokoa nchi.

Sheria ya 1887 ya kuhesabu kura za wajumbe ilizaliwa na vurugu hizo, na iliandikwa kwa lugha ya kutatanisha. Ndiyo iliyowapa watu mwanya wa kudai kwamba Makamu wa Rais Mike Pence angeweza kuzikataa kura Januari 6, 2021. Pence alikataa kufanya hivyo. Mnajua kilichofuata: jengo la Bunge likavamiwa na wafuasi wa Trump, askari polisi takriban 140 wakajeruhiwa, wabunge wakafichwa. Usiku wakarudi ukumbini na kumaliza kuhesabu karibu saa kumi alfajiri. Hata baada ya yote hayo, Warepublican 147 katika mabaraza mawili walipiga kura kuyapinga matokeo ya Arizona au Pennsylvania. Desemba 2022 sheria ikarekebishwa: kazi ya Makamu wa Rais ni ya kusimamia tu, na pingamizi halisikilizwi bila sahihi za moja ya tano ya kila baraza. Zamani alitosha mbunge mmoja na seneta mmoja.

#4 Mchangiaji, Dar

Mkuu heshima yako, ila unaongea kama Mdemocrat. Watu milioni 74 walimpigia Trump 2020 na 2024 akashinda kihalali kabisa. Hao wote ni wajinga? Malalamiko yao huyaoni?

#5 Mleta mada

Sijamwita mtu mjinga mkuu, na sitafanya hivyo. Nimefanya kazi zamu moja kwa miaka sita na mama mmoja wa kizungu aliyempigia Trump mara zote tatu. Tumeosha wazee pamoja. Wakati wa korona tumefunga miili pamoja usiku. Kijiji alichozaliwa kiwanda cha nguo kilifungwa akiwa binti, na hakuna chama kilichokirudisha. Mwaka 2020 taratibu za kura ya posta zilibadilishwa haraka kwa sababu ya ugonjwa, na kwake yeye ikawa kama kubadilisha goli mpira ukiwa unachezwa. Nilimweleza kwamba kura zilihesabiwa kwa mkono na watu wa kaunti yetu, majirani zetu. Alinisikiliza, akasema: "Sikuamini wewe unadanganya. Siwaamini wao."

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Mtu akishafika hapo, hata ukihesabu mara ya nne hutamtoa.

Na 2024 alishinda, hilo halina ubishi: wajumbe 312 kwa 226, kura za wananchi asilimia 49.8 dhidi ya 48.3 za Kamala Harris. Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais, mwenyewe ndiye aliyesimamia kuhesabiwa kwa kura zilizomshinda, Januari 6, 2025, na hakuna dirisha lililovunjwa. Ila tazama hizo asilimia. Hata huo ushindi ni nusu kwa nusu. Na hapo ndipo ninapotaka tufike, kwenye swali la mjomba.

#6 Mleta mada (naendelea)

Tuseme umeshinda. Sasa endesha nchi.

Kwanza hata mlango haufunguliwi hapo hapo. Mwaka 2020 ofisi ya serikali inayotoa kibali cha kuanza makabidhiano ilikaa mpaka Novemba 23 ndipo ikatoa, zaidi ya wiki mbili baada ya mshindi kujulikana. Timu ya Biden ilikuwa haipewi mipango ya kugawa chanjo ya korona. Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya siasa. Sisi kwenye nyumba ya wazee tulikuwa tunasubiri chanjo hiyo hiyo, na kufika Januari watu zaidi ya 3,000 walikuwa wanakufa kwa siku nchini.

Pili, Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge. Januari 5, 2021 tulirudi kupiga kura duru ya pili ya viti viwili vya Georgia. Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa la Ebenezer alikohubiri Martin Luther King, na Jon Ossoff wakashinda. Seneti ikawa 50 kwa 50, na kura ya uamuzi ikawa ya Makamu wa Rais. Tulifurahi tukidhani kazi imekwisha. Kumbe hamsini kwa hamsini maana yake ni kwamba kila seneta mmoja wa upande wako ni rais mdogo.

Tena kwa sheria za kawaida hamsini hazitoshi. Seneti ina desturi ya kuruhusu mjadala uendelee bila kikomo mpaka maseneta 60 wakubali kuufunga. Bila hao 60 muswada unafia mezani. Njia ya kuukwepa ukuta huo ni aina maalumu ya muswada wa bajeti, unaopita kwa wingi wa kawaida, ila hauruhusiwi kubeba kila kitu wala kuletwa kila siku.

Nitatoa mfano mmoja tu, kwa sababu uliingia mpaka jikoni kwangu. Machi 2021 Biden alisaini mpango wa dola trilioni 1.9 uliopita Seneti 50 kwa 49, bila kura hata moja ya Republican. Ndani yake kulikuwa na ruzuku ya watoto: kuanzia Julai, kila tarehe 15 ya mwezi au karibu yake, dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 250 kwa mkubwa zaidi. Nina watoto wawili. Miezi sita ile nililala usiku tatu zaidi kwa mwezi nyumbani kwangu badala ya kuchukua zamu za ziada. Kwa takwimu za serikali, umaskini wa watoto ulishuka mpaka asilimia 5.2 mwaka 2021, kiwango cha chini kabisa katika kipimo hicho.

Kuiendeleza kulihitaji kura zote 50. Desemba 19, 2021 Joe Manchin, seneta wa Democratic kutoka West Virginia, jimbo la watu wasiofika milioni 2, alisema kwenye televisheni kwamba hawezi kuupigia kura muswada uliobeba ruzuku hiyo. Januari 2022 hela haikuingia. Mwaka huo umaskini wa watoto ukaruka mpaka asilimia 12.4. Zaidi ya mara mbili, mwaka mmoja, kwa sehemu kubwa kwa kura iliyokosekana.

Najua Manchin alikuwa na hoja zake, mfumuko wa bei na deni la taifa, na jimbo lake lilikuwa la Trump. Sijasema hakuwa na haki. Nasema watu milioni 81 walimpigia Biden, na ahadi yao ikaishia kwa mtu mmoja.

Yapo yaliyopita. Sheria ya barabara na madaraja, dola trilioni 1.2, iliungwa mkono na maseneta 19 wa Republican. Kwa hiyo kukubaliana kunawezekana, hasa kwa vitu ambavyo kila jimbo linapata kipande. Lakini upande wa Baraza la Wawakilishi Januari 2023, Kevin McCarthy wa Republican alipigiwa kura mara 15 ndipo akawa Spika, na Oktoba 3 mwaka huo huo akang'olewa kwa kura 216 kwa 210, Spika wa kwanza kuondolewa hivyo katika historia yao. Ilichukua siku 22 kumpata mwingine. Na walioanzisha jambo lile walikuwa wa chama chake.

#7 Mchangiaji, muuguzi

Samahani dada, sisi wa huku tunajua upande mwingine wa hiyo hadithi. Mimi ni muuguzi kituo cha afya. Januari 2025 tulipokea ujumbe kwamba shughuli za mradi zisimame. Wahudumu waliokuwa wanawafuatilia wagonjwa wa dawa za ARV majumbani walirudishwa nyumbani wiki hiyo hiyo. Akina mama walikuja kliniki wakakuta meza tupu. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga kura huko Marekani. Naomba uniambie, kitu cha miaka ishirini kinaondolewaje kwa siku moja?

#8 Mleta mada

Dada muuguzi, pole sana. Swali lako linanigusa kuliko yote, na nitalijibu bila kulipamba.

Bunge likishakwama, kila rais anakimbilia kalamu. Amri ya rais haihitaji maseneta 60, haihitaji mtu. Ila kilichoandikwa kwa kalamu kinafutwa kwa kalamu. Angalia sera inayozuia fedha za Marekani kwa mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba. Reagan aliiweka 1984, Clinton akaifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha 2025. Tangu Clinton, kila mara siku za mwanzo kabisa za utawala. Mkataba wa Paris wa tabianchi nao, Marekani ilitoka 2020, ikarudi 2021, na 2025 ikatangaza kutoka tena.

Msaada wa ARV ulikuwa tofauti, na ndiyo maana uliaminika. Mpango wa PEPFAR ulianzishwa na Bush mwaka 2003, Bunge likaupitisha kwa vyama vyote viwili, na ukadumu chini ya marais wa pande zote. Lakini Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe, na Julai 1 shirika lao la misaada, USAID, likaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Fedha zilikuwa zimepitishwa na Bunge. Kwa Katiba yao mfuko wa fedha ni wa Bunge. Bunge lililogawanyika halikuweza kusimama na kusema hivyo kwa sauti moja, na kesi zikaenda mahakamani huku meza yako ikiwa tupu.

Ndani ya nchi hali si tofauti sana. Chama cha rais kilikuwa na Seneti 53 kwa 47, lakini sheria ya kawaida ya matumizi ya serikali ya kila mwaka inahitaji 60. Oktoba 1, 2025 serikali ikafungwa, ikafunguliwa Novemba 12. Siku 43, ndefu kuliko zote zilizotangulia. Iliyotangulia ilikuwa 35. Waongozaji wa ndege walifanya kazi bila mshahara. Msaada wa chakula unaotegemewa na watu karibu milioni 42 ulikatika Novemba ilipoanza. Yule mama wa zamu yangu, mpiga kura wa Trump, binti yake anategemea msaada huo. Tuligawana mchele na maharage kwenye chumba cha kupumzikia, na siku hiyo hatukuongea siasa hata kidogo.

#9 Mchangiaji, Nakuru

Dada, umeniacha nikiwa na huzuni. Lakini niambie, wale makarani kama yule mama wa pipi, bado kuna watu wanakubali hiyo kazi?

#10 Mleta mada

Wapo. Mimi ni mmoja wao.

Baada ya kumsikia Moss mwaka 2022 nilijiandikisha, na 2024 nilikuwa karani. Unafika kituoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, unaapa, unahesabu mihuri ya mashine mbele ya wenzako. Vituo kadhaa vya kaunti ya Fulton vilipokea vitisho vya mabomu siku hiyo, havikuwa vya kweli, ila vingine vilifungwa kwa muda na kuongezewa saa. Sisi tulipata habari kwenye simu tukaendelea kukagua vitambulisho. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumuonyesha mtu mashine iko wapi, kuangalia karatasi yake imeingia, na kumpa kibandiko chenye picha ya tunda la pichi. Usiku tulifunga, tukachapisha jumla, tukaibandika mlangoni, watu wa vyama vyote viwili wakapiga picha. Mmoja wao alikuwa na kofia nyekundu ya wafuasi wa Trump. Alinisaidia kubeba sanduku mpaka kwenye gari.

Novemba 3, 2026 kuna uchaguzi wa Baraza lote la Wawakilishi, viti 435, na kiti cha Ossoff hapa kwetu. Mafunzo ya makarani hufanyika kabla. Yule mama wa zamu yangu nimemwomba tuende pamoja, akae chumba kimoja na mimi aone kwa macho yake. Amesema atafikiria. Akikubali nitarudi hapa kuwaambia.